Kabla ya Kamera Kuna Kabati

Agosti 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza magari mapya 10 yenye kamera za kutambua sura, yagawiwe vikosi saba vya polisi. Februari ya mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulikuwa umeanza kutekeleza katazo la polisi kutumia kamera kama hizo hadharani papo kwa papo, katazo lililoachiwa milango kadhaa ya kutokea. Ufaransa nayo, kwa sheria ya Mei 2023 iliyotungwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki, iliruhusu programu za kompyuta zichambue video za mitaani, ila utambuzi wa sura ukawekwa nje. Kila habari ya namna hii inapotua kwenye simu zetu, mjadala hushika njia ileile: je, mashine inakosea? Je, inawakosea zaidi watu weusi? Januari 2020 mwanamume mmoja mweusi wa Detroit alikamatwa nje ya nyumba yake, mkewe na binti zake wakitazama, kwa sababu kompyuta ilimfananisha na mwizi wa saa. Baada ya kisa kama hicho, nani asiulize?

Swali ni la haki, ila tumelitanguliza mahali pasipo pake. Tunabishana juu ya jicho la mashine na kusahau kabati lililo nyuma yake. Kamera peke yake haijawahi kumtambua mtu yeyote. Inaona uso, basi. Kutambua ni kuulinganisha uso huo na mwingine uliokwishatunzwa, na aliyeamua uso upi utunzwe, chini ya neno gani, na kwa muda gani, ndiye mwenye mamlaka yote tunayoyaogopa. Hoja yangu ni kwamba hatari ya teknolojia hii haipungui mashine inapokuwa sahihi, na pengine huzidi. Ushahidi wake una zaidi ya miaka 150, na sehemu kubwa unatoka Paris.

Kwanza tukumbuke kwamba polisi walianza kupiga picha mapema kuliko wengi wanavyodhani, na hawakuanza na majambazi wakubwa. Mwaka 1852 na 1853 mamlaka za Uswisi zilimpa kazi mpiga picha Carl Durheim awapige picha watu waliohamahama, wasio na uraia wa jimbo lolote. Kosa lao lilikuwa kutokuwa na kwao. Kundi lilitangulia, picha ikafuata. Ndivyo mambo yalivyoendelea kwenda.

Kisha likaja tukio la Paris. Kuanzia Machi 18 hadi Mei 28, 1871, mji ule ulitawalwa na Komyuni, serikali ya mafundi, vibarua na askari wa mgambo walioikataa serikali ya taifa iliyokuwa Versailles. Mei 16 waliiangusha nguzo ya Vendôme, mnara wa kumtukuza Napoléon, na Bruno Braquehais, mpiga picha aliyekuwa kiziwi, akawapiga picha kandokando ya nguzo ile. Ukizitazama leo unaona watu waliosimama kwa fahari, bunduki mkononi, kofia zimekaa sawa. Kamera za enzi zile zilidai mtu atulie asitikisike, kwa hiyo kila sura iliyotoka safi ni ya mtu aliyejituliza kwa makusudi ili aonekane. Wiki mbili baadaye jeshi la Versailles lilikuwa limeuchukua mji, na picha zilizopigwa kama kumbukumbu ya ushindi zikawa za hatari kwa kila aliyemo. Wanahistoria bado wanabishana ni wangapi hasa walikamatwa kwa sababu yake. Mimi kinachonishika ni wepesi wa kugeuka: karatasi ileile, sura ileile, ila aliyeishika sasa ni mwingine. Vijana wa Kenya waliojirekodi kwa simu zao Juni 2024 wakipinga Muswada wa Fedha wangewaelewa watu wale wa Vendôme bila mkalimani.

Huko Versailles mpiga picha mwingine, Eugène Appert, aliruhusiwa kuingia magerezani kuwapiga picha wafungwa wa Komyuni mmoja mmoja. Nakala ziliuzwa pia madukani kama vipicha vya kukusanya. Halafu akafanya jambo ambalo lilipaswa kutufundisha mapema. Alikodi waigizaji, akawapanga katika matukio ya mauaji, akawapiga picha, kisha akakata vichwa vya watu halisi kwenye picha zake na kuvibandika juu ya miili ya waigizaji. Mfululizo huo aliuita Makosa ya Jinai ya Komyuni. Ipo pia picha yake ya gereza la wanawake la Chantiers, akiwamo Louise Michel, mwalimu aliyepigana upande wa Komyuni na baadaye akahamishiwa New Caledonia, koloni la Ufaransa la mbali. Inaonekana kama kundi lililokusanyika uwanjani mchana mmoja, kumbe sura zilipigwa mbalimbali na kuunganishwa. Wanaosema picha za kughushi zimeletwa na akili mnemba wangeanzia hapo.

Lakini urithi mkubwa zaidi wa 1871 ulikuwa moto. Mwisho wa Mei jengo la manispaa na makao makuu ya polisi yaliteketea, na pamoja nayo daftari za vizazi, ndoa na vifo za Paris za kabla ya 1860. Fikiria maana yake kwa karani wa polisi miaka 10 baadaye. Mtu anakamatwa, anasema anaitwa fulani na alizaliwa Paris. Utampinga kwa nini? Polisi walijibu kwa kupiga picha kila aliyekamatwa, zikafika makumi ya maelfu, zimepangwa kwa majina. Hapo ndipo ujinga wa mpango ulipokuwa: mtu aliyekudanganya jina lake humwezi kumpata kwenye kabati lililopangwa kwa majina. Askari walipekua picha siku nzima wakitegemea macho na bahati. Kamera ilikuwapo, sura zilikuwapo, utambuzi haukuwapo.

Aliyeutatua mkwamo huo alikuwa Alphonse Bertillon, karani aliyeajiriwa 1879 kunakili kadi. Pendekezo lake la kwanza lilipuuzwa. Mwisho wa 1882 mkuu mpya wa polisi akampa miezi mitatu ya majaribio, na Februari 1883 akamnasa mtu wa kwanza aliyejiita Dupont huku kadi ya zamani ikisema ni Martin. Mwaka 1884 alitambua wahalifu sugu 241. Njia yake inastahili kutazamwa kwa karibu. Mtuhumiwa anavuliwa viatu na kupandishwa juu ya kigoda, asimame kwa mguu wa kushoto peke yake, ule wa kulia ukiwa hewani, ili unyayo ulalie wote na upimwe. Mkono wa kushoto unalazwa, kidole cha kati kinakunjwa na kupimwa. Bikari yenye ncha zilizopinda inabana kichwa kutoka paji la uso hadi kisogoni, kisha upande hadi upande. Vipimo 11 kwa jumla. Ndipo anaketishwa kwenye kiti kilichotengenezwa asiweze kukaa kombo, apigwe picha ya mbele na ya ubavu wa kulia, sikio likionekana, kwa kipimo cha moja ya saba ya ukubwa halisi. Na kadi haiwekwi kwa jina. Inawekwa kwa urefu wa kichwa, mdogo, wa kati au mkubwa, ndani yake kwa upana wa kichwa, ndani yake tena kwa kidole, hadi droo ya mwisho inabaki na kadi chache zinazopekuliwa kwa dakika moja. Nilipopiga picha ya kitambulisho mara ya mwisho, kijana aliyekuwa na kamera aliniambia nishushe kidevu, nisitabasamu, nifunue masikio. Yule kijana hakuwa na habari kwamba amri zake ni za jamaa ya kiti kile cha Paris.

Sasa niwape haki wanaotetea mfumo huu, maana hoja yao ya kwanza ni nzito. Machi 1892 mabomu mawili yalilipua nyumba za jaji na mwendesha mashtaka mjini Paris. Machi 30 alikamatwa Ravachol, mmoja wa waanaki, yaani watu waliotaka serikali za aina zote zifutwe. Bertillon alimpima na kadi ikasema huyu ni Koenigstein, aliyewahi kupimwa na polisi wa Saint-Étienne, anayetafutwa kwa kumuua mzee mmoja mtawa na kumwibia fedha zake. Mahakama ya Paris ilimpa kifungo cha maisha cha kazi ngumu kwa mabomu. Kilichompeleka kwenye gilotini, mashine ya kukata vichwa, Julai 11, 1892 ni mauaji ya yule mzee. Bila kabati, mlipuaji na muuaji wangebaki watu wawili tofauti. Familia ya aliyeuawa ina haki ya kuuliza: mnataka tuukose ushahidi kama huo? Mimi sitaki tuukose. Ila hata katika kisa hiki, ushindi mkubwa kuliko wote wa Bertillon, aliyemkamata Ravachol alikuwa mhudumu wa mgahawa kwenye barabara ya Magenta, aliyeyakumbuka maongezi yake na kovu la mkono wake wa kushoto. Mhudumu alitoa mtu, kabati likatoa historia yake. Na lilifanya kazi vizuri kwa sababu lilijibu swali moja lililofungwa, kwamba mtu huyu aliyekwisha kamatwa kwa kosa linalojulikana ni nani.

Mambo yaliharibika pale swali lilipogeuzwa. Desemba 9, 1893 Auguste Vaillant alirusha bomu ndani ya Bunge la Ufaransa. Hakufa mtu, lakini makumi walijeruhiwa. Siku tatu baadaye Bunge likapitisha sheria ya kwanza kati ya tatu ambazo wapinzani wake waliziita sheria za kiovu, na ya mwisho ikapita Julai 1894, baada ya Rais Sadi Carnot kuchomwa kisu Lyon. Kwa sheria hizo, kuandika kwa kuusifu uanaki, au kujumuika na wanaodhaniwa kupanga, vikawa makosa. Tangu Januari 1894 polisi walipekua nyumba kwa mamia na kuwaleta watu kwa Bertillon kwa makundi: fundi viatu, seremala, mshonaji, mchapaji. Kadi zao zipo. Kuna jina, umri, kazi, mahali pa kuzaliwa, na kwenye nyingi, pale panapoandikwa sababu ya kukamatwa, neno moja: mwanaki. Hakuna kitendo, hakuna tarehe ya kosa, hakuna aliyedhuriwa. Kabati lililojengwa kumjua aliyetenda likawa la kuwahifadhi wanaoweza kutenda. Vipimo havikupungua usahihi hata kidogo. Bikari ilikuwa ileile na droo ni zilezile, kilichobadilika ni mlango wa kuingilia.

Miongoni mwa walioketi kwenye kiti kile alikuwa Félix Fénéon, mhakiki wa sanaa na karani wa Wizara ya Vita, aliyekamatwa Aprili 1894 baada ya kulipuliwa kwa mgahawa wa Foyot. Vifaa vya kuwashia baruti vilipatikana ofisini kwake, kwa hiyo sidai kwamba hapakuwa na la kuuliza. Agosti mwaka ule alisimamishwa mahakamani pamoja na wenzake katika Kesi ya Watu Thelathini, mchanganyiko wa waandishi, wanafikra na wezi wa kawaida waliofungwa kamba moja ili ionekane wote ni genge. Baraza la wazee wa mahakama halikudanganyika. Waliotiwa hatiani walikuwa wezi watatu tu, wengine wote wakaachiwa.

Kuenea kwa njia ya Bertillon hakukuchukua muda. Baada ya Malkia Elisabeth wa Austria kuuawa Geneva Septemba 1898, mataifa 21 yalikutana Roma kuanzia Novemba hadi Desemba kujadili waanaki, na moja ya mapendekezo lilikuwa wote watumie njia ya Bertillon ya kuieleza sura kwa maneno, ili telegrafu iweze kupeleka uso wa mtu kutoka nchi hadi nchi. Mpakani askari wa Ufaransa walikwisha kupewa albamu za sura za kuangaliwa. Bertillon mwenyewe alikuwa amepata heshima kubwa kiasi kwamba mwaka uleule wa 1894 aliitwa kutoa ushahidi wa mwandiko, fani isiyokuwa yake, dhidi ya Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi aliyeshtakiwa kwa usaliti. Alisema kwa uhakika uleule, na alikosea, na mtu asiye na hatia akapelekwa Kisiwa cha Ibilisi, kisiwa cha wafungwa.

Nchini Uingereza walioingizwa kabatini walikuwa wanawake. Wapigania haki ya kura waliofungwa Holloway, gereza la London, walikataa kupigwa picha, wakikunja nyuso na kugeuza vichwa ili picha isifae. Mwaka 1913 Wizara ya Mambo ya Ndani ikanunua lenzi ya kuvutia picha za mbali, na mpiga picha akajificha akiwalenga walipokuwa wakitembea kwenye uwanja wa gereza. Evelyn Manesta, aliyefungwa Manchester kwa kuvunja vioo vya michoro kwenye jumba la sanaa, alikataa katakata, basi askari akamkaba shingo kwa mkono ili uso utazame kamera. Picha ilipotoka, mkono ulionekana. Ikachukuliwa, ikarekebishwa, na mahali pa mkono ule pakachorwa skafu. Karatasi yenye sura za wanawake hao iligawiwa kwa majumba ya sanaa ya London mwaka 1914, baada ya Mary Richardson kuukatakata mchoro wa Velázquez, ili walinzi wajue nani azuiwe mlangoni. Zitazame picha mbili za Manesta pamoja, yenye mkono na yenye skafu. Kwa mlinzi wa mlangoni zote mbili ni sahihi, maana uso ni wake. Usahihi huo haukuhitaji ukweli wa jinsi picha ilivyopatikana, na skafu ilichorwa kuuficha.

Hapa ndipo ninapoikataa hoja dhaifu kuliko zote, ambayo pia ndiyo inayopendwa zaidi: asiye na kosa hana cha kuogopa. Hoja hii inadhani kwamba kosa ni kitu kilichosimama, cha leo ndicho cha kesho. Wafungwa wa Komyuni walisamehewa wote mwaka 1880. Wanawake wengi wa Uingereza waliovuka miaka 30 walipata kura 1918, na 1928 wakawa sawa na wanaume. Serikali ilibadili mawazo kuhusu watu hawa wote. Kadi hazikubadilika, kwa sababu kadi haina masikio ya kusikia kwamba sheria imegeuka. Mtu anaingia kabatini kwa tafsiri ya siku moja na kukaa humo kwa tafsiri za siku zote zitakazofuata, na kati ya hizo hata moja hakuulizwa.

Na sisi tusilisome hili kama simulizi la Wazungu. Vipimo vya Bertillon vilishindwa na alama za vidole, na tatizo la kuzipanga alama hizo lilitatuliwa Bengal chini ya Edward Henry, kwa hesabu ya wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose: kabati la tundu 1,024. Serikali ya India ya Kiingereza ililikubali 1897, London 1901. Kenya lilifika kama kipande. Sheria ya 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za kila mwajiri, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Aliyeacha kazi bila idhini alifuatwa hadi kijijini, kwa sababu nakala ya vidole vyake ilikuwa Nairobi. Harry Thuku, mwanaharakati aliyeutetea umma wa Waafrika, alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa dhuluma alizokuwa akizipinga, na umati uliokwenda kumdai ukapigwa risasi. Hakuna aliyelalamika kwamba alama zilisomwa vibaya. Zilisomwa vizuri mno. Kwetu waliingizwa wanaume wa rangi moja waliofika umri fulani, kosa likisubiriwa.

Ndiyo maana naona mahakama za Uingereza zimeligusa jambo kwa kidole kuliko wachambuzi wengi wa mitandaoni. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba si halali polisi kuendelea kutunza picha za watu waliokamatwa na wasitiwe hatiani kwa utaratibu uliokuwapo. Agosti 2020 Mahakama ya Rufaa ikaukataa mpango wa kamera za polisi wa South Wales. Ilitaja hofu ya upendeleo ndani ya programu, lakini pia kwamba askari waliachiwa uhuru mpana mno wa kuamua nani aingie kwenye orodha ya kutafutwa na kamera ziwekwe wapi. Nani, na wapi. Ni maswali ya karani wa 1894.

Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na zote mbili zinatoa nafasi kwa vyombo vya usalama kuchukuliwa tofauti. Kamera zikija, na zinakuja, wabunge wetu watatuletea wataalamu wa kueleza asilimia za usahihi, na asilimia hizo zitakuwa za kuvutia. Ninawaomba waandishi wenzangu wasiishie kuzinukuu. Waulize orodha inayolinganishwa imejazwa na nani. Waulize kama picha iliyopigwa kwenye maandamano halali inaweza kuingia humo, na kwa neno lipi. Waulize mtu aliyeachiwa na mahakama anafutwa na nani, siku ya ngapi, na atajuaje kwamba amefutwa. Uingereza, miaka mitano baada ya hukumu ya 2012, ilikuja na utaratibu ambao asiye na hatia ndiye anayepaswa kuandika barua ya kuomba picha yake iondolewe. Wangapi wanajua kwamba wamo?

Félix Fénéon aliondoka mahakamani akiwa huru Agosti 1894, akaishi miaka 50 mingine, akafariki Februari 1944. Kadi yake iko New York, katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, pamoja na za mafundi viatu na washonaji waliopigwa picha miaka ileile. Ndevu za kidevuni, shavu jembamba, macho yametazama mbele. Amehifadhiwa kwenye kundi la waanaki.